Sarafu Saba za Mama Mapasa

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, ninyi mnaokaa viti vya mbele kwa sababu bado mnaogopa walimu, nawaandikia mimi mstaafu. Nina miaka kumi na saba. Chekeni kwanza, mmalize, kisha tuendelee. Mtu hastaafu kwa kuota mvi. Anastaafu siku mikono yake inapoikataa kazi. Yangu iliikataa mwaka jana, wiki ya ndoa ya Kabange, nikiwa nimeshika sarafu saba safi kuliko dhamiri ya yeyote kati yenu.

Nimesikia mwenzangu Ekofo amewaachia kile kikaango chake. Nimesikia pia mnazunguka shule nzima mkiuliza siri ya Ndimu ya kuosha sarafu za zamani. Ndimu ni mimi. Siri nitawapa, lakini mtaipata kama samaki wa Bukama, nyama pamoja na miiba.

Tuanze na kikaango, maana naona mnakibeba kama jembe. Baba yake Ekofo ni mwanajeshi fundi kule Base, kambi ya jeshi, mtu wa mkoa wa Ekweta, na ile ilikuwa mashine iliyotupwa ya kutafutia chuma ardhini. Aliifufua kwa vipande vya redio. Fimbo, sahani bapa chini yake, na kifaa cha kusikilizia cha sikio moja tu, kwa hiyo sikio la pili linabaki kusikia watu wanaokucheka. Sahani ikipita juu ya chuma, inalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Mawe yake ya redio, yaani betri, yakichoka, yaanikeni juu ya bati mchana. Yatawapa nusu saa nyingine. Na mkikuta kitu chenye ncha au mkia, huenda ni bomu, msikiguse, mwiteni baba yake Ekofo. Sisi tuliwahi kumwita. Akaja, akalala kifudifudi, akafukua kwa vidole taratibu mpaka jasho likamtiririka, akatoa kopo la sardini. Alitutazama tu. Ekofo hakula bukari, ugali wetu, jioni ile.

Kazi tuliigawana hivi: Ekofo alikuwa na masikio, mimi nilikuwa na mikono. Tulipita kwenye uwanja wa soko la zamani na kando ya reli, pale watu wa zamani walipokuwa wakisubiri treni na kudondosha vitu vya mifukoni. Sarafu zikitoka, zinatoka zimevaa udongo kama maandazi ya tope ya watoto. Mimi nazivua.

Jina la Ndimu nililipata kwa ile falanga, sarafu ya pembe sita yenye tembo. Mnaijua, ya njano. Niliitia ndani ya maji ya ndimu na chumvi nikaenda kucheza mpira. Niliporudi tembo alikuwa wa waridi. Nikafurahi, nikadhani nimegundua rangi yake ya asili. Nikampelekea mwalimu mgeni wa hesabu, mzungu aliyekuwa akikusanya sarafu za zamani. Aliigeuza, akaigeuza tena, akanirudishia kwa vidole viwili kama mtu anayerudisha panya.

"Umemchuna tembo ngozi," alisema. "Ungeniletea na udongo wake, ningeichukua."

Ninyi andikeni: asidi kwenye shaba ya njano inakula njano, inaacha waridi, na hairudi. Mimi sikuandika. Nilisema tu kwamba wazungu wanapenda uchafu, na darasa zima likacheka, nikaona nimeshinda.

Aliyenifundisha kazi kweli ni mzee wetu Tata Ngoie. Maisha yake yote alisafisha taa za treni na za stesheni, na hata sasa, akikaa mlangoni kwake nyuma ya reli, kidole gumba chake kinazunguka juu ya goti kama bado kuna kioo pale. Siku moja alinikuta nyumbani kwetu nasugua sarafu kwa vumbi la tofali.

"Weye, Ndimu," alisema. "Ile falanga ilikutukana?"

"Hapana, Tata."

"Sasa mbona unagombana naye?"

Akaninyang'anya tofali. Njia yake ilikuwa ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Maji matupu siku tatu, unayabadilisha asubuhi. Kisha unailaza sarafu ndani ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, ya uvuguvugu, wiki, hata wiki mbili, unaisahau. Kisha unachukua mwiba, wa mti, si sindano. Sindano ni ngumu kuliko sarafu, mwiba unavunjika kwanza. Unachokonoa pale panapokubali. Panapokataa, unapaacha.

"Na angalia rangi," aliniambia. "Kijani njo shaba inalia. Nyeusi njo feza. Nyekundu njo chuma. Sasa sikia. Ile falanga ya tundu, ya Wabeleji, haina chuma ndani yake. Ukiona nyekundu pale, usikwangue. Uliza kwanza: hii nyekundu inatoka kwa nani?"

"Kwa nani, Tata? Kutu iko na baba?"

"Kila uchafu iko na baba."

Nilikwenda kulisema hilo shuleni kama kichekesho. Kwa wiki nzima, mtu akichafua daftari, tulimwuliza baba wa uchafu ni nani.

Mwaka uleule mwalimu wa historia alitufundisha habari za Sanga, makaburi yale ya zamani kando ya ziwa Kisale. Alisema wachimbaji walikuwa wakiondoa udongo kwa brashi ndogo, chembe kwa chembe. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, wangemwita mama yangu na majivu yake ya sufuria, wangemaliza kaburi kabla ya chakula." Nilipiga magoti mpaka kengele. Nikiwa pale chini alinijibu bila hasira: mavazi ya wale watu yalioza yote, isipokuwa pale yalipogusa shaba. Katika ule uchafu wa kijani ndimo alama ya nguo yao ilimobaki. Nilisikia. Ila magoti yaliniuma kuliko masikio yalivyosikia.

Ninawaambia haya ili msiseme baadaye kwamba Ndimu hakuonywa. Nilionywa na mwalimu mgeni, na Tata Ngoie, na mwalimu wa historia nikiwa nimepiga magoti. Hata sarafu yenyewe iliwahi kunionya. Nilisafisha moja nzuri sana, kikatokea kichana cha ndizi upande mmoja na msalaba mdogo upande wa pili. Nikampelekea Tata Ngoie anisifu. Akaifunika kwa kiganja, akaangalia njiani.

"Hii ni ya ile wakati Katanga ilijitenga. Uliitoa wapi?"

"Karibu na soko."

"Irudishe karibu na soko. Kuko bintu bya kuosha, kuko na bintu bya kunyamazia."

Niliirudisha. Lakini somo sikulichukua.

Haya, sasa Mama Mapasa. Mnamwona kila siku, yule anayeuza samaki wakavu karibu na stesheni na kuwaita ninyi wote "bwana yangu" ili mnunue. Anaitwa Mama Mapasa kwa sababu alizaa mapacha, mvulana na msichana. Wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange, kama kawaida ya mapacha kwetu. Baba yao alikuwa mtu wa bendera hapo stesheni: nyekundu treni isimame, kijani ipite. Siku mapacha walipotolewa nje mara ya kwanza, alichukua falanga mbili za tundu, akamfunga kila mmoja yake kiunoni.

Kyungu alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Baba akamfungua ile falanga, akasema haitazikwa naye. Pacha hatoki nyumbani peke yake. Siku Kabange atakapoolewa, atatoka na falanga ya ndugu yake kiunoni, waende wawili kama walivyokuja. Kisha ikaja miaka ya vurugu, watu wakakimbilia porini, baba akaifukia ndani ya kopo mahali fulani karibu na jiko. Walirudi, jiko limebomoka. Jiko jipya likajengwa pengine. Baba akafa. Kopo likabaki linajua lenyewe liko wapi.

Mwaka jana Kabange akachumbiwa na kijana wa mashua za Bukama. Treni ya kumpeleka kwa mumewe ilikuwa ya Jumamosi. Na mama yake akasema, mbele ya wajomba na mashangazi, bila Kyungu, Kabange hapandi treni. Wajomba wa bwana harusi walisema wanaelewa, lakini hawatakuja mara ya pili.

Jumatatu Kabange mwenyewe alikuja kwetu. Mimi na Ekofo tulikuwa tumekaa tukianika mawe ya redio.

"Ndimu," alisema, "mama alichimba mara tatu. Kama munanipatia ile falanga, nitakuita shemeji mbele ya bantu bote."

"Na mimi?" Ekofo akauliza.

"Weye nitakuita Ekofo."

Jumanne, Mama Mapasa akiwa sokoni, kikaango kilipiga kelele kati ya choo na mahali palipokuwa na jiko. Kina cha mkono mpaka kiwiko. Kopo lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likawa kama jani kavu, na ndani yake falanga za tundu saba, zimeshikana kama familia iliyonyeshewa. Kabange akakumbuka: baba yake alikuwa akizitumia kama washa, visahani vya kukazia nati, za bawaba na za baiskeli. Sita ni za baiskeli. Moja ni Kyungu.

Alinyoosha mikono azichukue. Nikazivuta kwangu.

"Utamupelekea mama ule uchafu? Niachie mpaka kesho. Nitazileta zinang'aa, achague."

"Mama alisema tulete vile iko."

"Mama hajaona kazi yangu."

Ekofo alisema, "Ndimu, si umupe tu." Nilimwambia yeye ni masikio, ashughulike na kusikia.

Hapo ndipo mwiba wenyewe ulipo, wadogo zangu, msiuteme. Sikuwa na siku tatu za maji wala wiki mbili za mafuta. Nilikuwa na jioni moja na hamu ya kuitwa shemeji mbele ya watu. Nikachukua siki, chumvi, maji ya moto kidogo, mswaki wa mdogo wangu, na sindano ya mama. Zikaachana. Zikaanza kutabasamu moja moja. Matundu yote yalizibwa udongo, lakini moja lilikuwa na kidonge kigumu, kijani nje. Nilipokichokonoa, ndani kilikuwa na wekundu. Nikajiambia: kutu ya kopo. Nikasukuma sindano, kikatoka kama nta ya sikio, kikaelea kidogo, kikazama. Nikamwaga maji nyuma ya jiko la kwetu, kuku wakaja kuangalia.

Saba, zote sawasawa, kama macho ya samaki.

Jumatano mchana Kabange alipita. Sikumwonyesha, nilitaka kuzipeleka mwenyewe, nimevaa shati.

"Mama anauliza," alisema, "ule uzi uko muzima?"

"Uzi gani?"

Akafungua pindo la kitenge chake. Mlikuwa na falanga yake mwenyewe, ya utoto, na tunduni fundo la uzi uliokuwa zamani wa kijani. "Baba alivuta uzi wa bendera. Wangu minyi wa kijani. Kyungu wa nyekundu, juu ya vile alitangulia kutoka na mbio, baba akasema huyu asimamishwe kidogo. Uzi wa Kyungu ulikatika ile siku ya kumuzika, fundo likabaki mu tundu. Njo vile mama atamujua."

Nikakumbuka kile kidonge nilichowamwagia kuku. Nikasema, "Uko mzima."

Alipoondoka nilichukua ungo wa mama nikachekecha tope lote nyuma ya jiko. Nilipata punje za mahindi, kifungo, na kipande cha sabuni. Mama akauliza kama nimepoteza akili au jino. Ekofo alikaa juu ya ndoo akitazama.

"Tengeneza ingine," alisema mwishowe. "Si unajua kuosha? Basi chafua."

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Tata Ngoie, nikamwomba uzi mwekundu wa bendera ya reli. Anayo moja, kuukuu, amefungia dirisha.

"Ya nini?"

"Ya kushona."

"Kushona nini?"

Alinitazama muda, kidole kikizunguka juu ya goti. Kisha akavuta uzi mmoja mrefu taratibu, kama anavyofanya kila kitu, akanizungushia kwenye kidole.

"Uzi utakuwa wa kweli," alisema. "Weye njo utakuwa wa uongo."

Kumbe alijua tayari. Nilikwenda hata hivyo. Kuchafua sarafu sitawafundisha. Nitasema tu kwamba kunataka siki, chumvi, majivu, na mkojo, na mkojo ulikuwa wa Ekofo kwa sababu wangu uliogopa. Ijumaa adhuhuri falanga moja kati ya zile saba ilikuwa ya kijani vizuri sana, ina fundo jekundu tunduni, ina udongo wa pale pale uani kwao. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya.

Uani kwa Mama Mapasa wanawake walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa vicheko vingi. Nilimpa ile falanga kwa mikono miwili. Aliileta karibu na jicho. Akagusa fundo kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akaifunga ndani ya ngumi, na ngumi akaiweka hapa, chini ya shingo.

"Kyungu," alisema. "Ulikuwa unatungojea wapi, mutoto wangu?"

Michi ilisimama. Kabange aliyekuwa akisukwa nywele akatabasamu, akaniita shemeji mbele ya watu wote. Mama Mapasa akanishika kichwa, akanishukuru kwa Kiluba, "Wafwako, wafwako."

Nataka mjue ilifaulu. Ningeweza kwenda nyumbani. Nimewadanganya walimu, mapadri, na mama yangu mwenyewe, na nililala vizuri. Lakini yule mama alianza kuisemesha. Aliieleza falanga, pengine ya baiskeli, habari za harusi, jina la kijana wa Bukama, nani atakuja. Aliiuliza kama inasikia baridi.

Nikatoa zile sita mfukoni, nikaziweka juu ya mkeka.

"Mama, sijue kama njo yeye. Niliwaosha bote. Uzi ulikuwa mu tundu, nikaona nyekundu, nikasema kutu. Nikautupa. Huu ni wa Tata Ngoie."

Shangazi mmoja alinyanyuka na mchi. Kabange alisimama, nywele nusu. Hakusema shemeji.

Mama Mapasa alifungua ngumi. Alifungua lile fundo langu, alichukua muda, nililifunga vizuri mno. Akaiweka ile ya saba pamoja na sita, akazitazama. Mchi ulikuwa bado juu.

"Uliwaosha na mayi gani?" akaniuliza.

"Ya moto kidogo."

"Na sabuni?"

"Na siki, Mama. Na mswaki."

Halafu akasema, si kwangu hasa: "Ile siku alikufa, minyi njo nilimuosha. Mayi ya moto kidogo. Nilisema hakuna mutu atamuosha tena." Akageuza moja kwa kidole, akageuza nyingine. "Basi. Banamuosha mara mbili."

Hakuna aliyecheka, na mimi ndiye niliyekuwa mchekeshaji pale.

"Mama," Kabange alisema, "sasa tutafanya namna gani? Treni ni kesho."

Mama Mapasa aliuliza kama uzi ni wa bendera kweli. Nikasema ni wa bendera. Akauchukua, akaulowesha mdomoni, akaupitisha tunduni mwa ya kwanza. Kisha ya pili. Alipofika ya saba akafunga.

"Mumoja wabo njo yeye," alisema. "Kama sijue ni nani, bataenda bote."

Shangazi akashusha mchi, akarudi kwenye sombe.

Jumamosi nilisimama mbali, karibu na tangi la maji. Ekofo alikuwa nami. Kabange alipopanda ngazi ya behewa tulimsikia. Saba kiunoni na yake ya nane, zinagongana kila hatua. Treni ilipotikisika alitoa kichwa dirishani, akanitafuta mpaka akaniona.

"Ndimu," aliita, "hii treni iko chafu. Uiache vile."

Watu walicheka. Nilicheka pia, baadaye.

Kwa hiyo siri yenyewe mmeipata: maji siku tatu, mafuta wiki mbili, mwiba. Nyekundu kwenye falanga ya tundu, muulizeni mwenye sarafu kabla ya kugusa. Na kama hana jibu, msubirini. Mikono yangu sasa inashika kalamu tu, na hata hiyo kwa kulazimishwa.

Jambo moja zaidi. Mkiwa na kikaango mkapita nyuma ya jiko la kwetu, hakitalia. Hakisikii uzi. Mpite kando hata hivyo.